Uzi Mwekundu Kwenye Kitenge cha Mama Zabibu

Dagaa aliyekauka sawasawa hulia. Ukimuuma kwa meno ya mbele anatoa mlio mdogo, mkavu, kama kijiti kinachovunjika chini ya kandambili. Aliyebakiwa na maji ndani halii, anajikunja tu. Wanunuzi wanaovuka kutoka ng'ambo ya ziwa wanaujua mlio huo, na wale wanaopakia magunia kwenda Dar es Salaam wanaujua pia. Siku zile, soko lote la dagaa la Kibirizi, hapa ufukweni, lilikuwa na mdomo mmoja ambao wote waliuamini kuutoa. Ulikuwa mdomo wa Mama Zabibu.

Naanzia hapo, wanangu mnaoingia kazi ya meno, kwa sababu mkija kunisalimia hapa nyumbani Katubuka hamkosi kuniuliza ni jino gani lililonitoa jasho kuliko yote niliyowahi kung'oa. Nina majibu mengi ya kuwachekesha. Lakini kazi ninayojivunia, ile ambayo nikiikumbuka nanyoosha mgongo hata nikiwa peke yangu jikoni, ni ya meno ambayo sikuyang'oa.

Nilianza nikiitwa Dada Meno. Baadaye nikawa Mama Meno. Siku moja nikapita sokoni, kijana akaniambia, "Shikamoo, Bibi Meno," nikajua kustaafu kumekaribia.

Aliyenipa kazi mkononi ni Mzee Rajabu, mtu wa Ujiji, mwenye vidole vinene ambavyo hungedhani vinaweza kupita mdomoni mwa mtoto bila kumliza. Enzi zake kazi yetu ilikuwa koleo. Mgonjwa alikuja ameshaamua. Alikaa, akaonyesha kwa kidole, tukampa ganzi, tukavuta, akaondoka ameshika shavu. Hakuna aliyeuliza jino limeharibikaje, kama vile hakuna anayeuliza msumari umepindaje.

Mzee Rajabu aliuliza. Na alikuwa na njia yake, ambayo hamtaikuta darasani. Alimsalimia mgonjwa mlangoni, kwa urefu, akiwa amesimama karibu. Mwakeye, umeamkaje? Nyumbani? Watoto? Muhogo umetokaje mwaka huu? Mgonjwa alidhani mzee anapenda mazungumzo. Kumbe kila jibu lilikuwa linamletea pumzi ya mgonjwa puani. Alikuwa anaziangalia fizi mtu akicheka, anasikiliza kama ngazi zetu chache za mbele zimemfanya aheme juu juu, anatazama mkanda wa suruali umefungwa tundu la ngapi. Mpaka mgonjwa anakaa kitini, Mzee Rajabu ameshamaliza nusu ya kazi.

"Wewe unakatiza salamu," aliniambia siku yangu ya kwanza. "Unakimbilia wapi? Jino halina miguu."

Nawaona ninyi siku hizi mnamwita mgonjwa kwa namba huku mmeinama kwenye simu. Inukeni. Salimieni.

Basi Mama Zabibu aliingia kwangu wakati Mzee Rajabu ameshastaafu na chumba cha meno kimebaki mikononi mwangu. Mlangoni nilimsalimia kwa njia ya mzee, na jibu lake la kwanza lilinipa harufu ya fizi mbovu, nzito, ile inayokaa kooni. Alihema. Alikuwa mama mkubwa wa umbo, kitenge kizuri cha Kongo, bangili mpaka karibu na kiwiko. Alipokaa, kiti changu kililia.

"Dada," alisema, "sikuja kupoteza muda. Haya ya mbele yote ng'oa, ya juu na ya chini. Uniwekee ya bandia. Moja liwe la dhahabu, hapa, ili nikicheka watu wajue nimecheka."

Nikamfungua mdomo. Fizi zilikuwa zimevimba na kuiva kama nyanya iliyosahauliwa juani. Nilipogusa tu na chuma changu chembamba, damu. Meno ya mbele yalitikisika kama vigingi vilivyochomekwa kwenye mchanga mkavu.

"Unapiga mswaki?"

"Nilikuwa napiga. Nikaona damu. Nikaacha ili pakauke."

Msimcheke. Nusu ya Kibirizi walikuwa wanafanya hivyo. Kwao kila kitu kikiachwa bila kuguswa hukauka na kupona, kama dagaa kwenye kichanja.

"Na unakula nini?"

"Vya laini tu, dada. Vigumu vinaniuma. Mandazi nachovya kwenye chai. Uji. Mchana soda baridi, inatuliza."

"Sukari kwenye chai?"

"Chai bila sukari si ni maji ya kunawia?"

Ndipo akashusha sauti na kuniambia kilichomleta. Tangu meno yaanze kulegea, alikuwa hawezi kuuma dagaa. Alichokuwa anafanya ni kumtia mmoja mdomoni, kufunga midomo, halafu kumvunja mwingine ndani ya kiganja. Watu walisikia mlio, wakafunga magunia. Lakini kiganja hakijui kilichomo ndani ya dagaa. Magunia mabichi yalipita. Mnunuzi mmoja kutoka ng'ambo, Papa Kasongo, alirudi na boti akipiga kelele kabla hajakanyaga mchanga.

"Alisema nini?" nikamuuliza.

Mama Zabibu akamwigiza, bangili zikigongana. "'Mama! Wewe ulisema iko kavu! Mi nilifungua gunia kule Kalemie, harufu ikanifukuza mu nyumba yangu mwenyewe! Bibi yangu analala kwa jirani!'"

Kwa watu wa ng'ambo bibi ni mke. Tulicheka wote wawili, halafu yeye akaacha kucheka. "Akirudi mara nyingine atamtafuta mwonjaji mwingine. Nikitoka kwenye kazi hiyo, dada, mimi ni mama mnene anayekaa kivulini. Basi."

Nikamweleza kwamba jino la bandia lingeuma, lakini lisingemwambia kitu. Jino lake mwenyewe limeshikwa mfupani na nyuzi ndogo zilizo hai, na ni hizo zinazohisi tofauti ya kikavu na kibichi. Akitoa meno, hata Papa Kasongo akimsamehe, angekuwa anabahatisha tu.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tuzitibu fizi. Lakini nieleze kwanza, umenenepa tangu lini?"

Wanangu, kwetu huku neno hilo linaulizwa kwa adabu. Aliniangalia kuanzia viatu kwenda juu.

"Sijanenepa," alisema. "Nimenawiri."

"Umenawiri tangu lini, mama?"

"Tangu Mungu anijalie," akajibu, akanisimulia. Kumbe enzi za shida alikuwa anaanika dagaa wake mwenyewe, anainama na kuwageuza tangu jua linatoka. Alipopata uwezo aliajiri wasichana, yeye akapata kiti, kiti kikapata mwavuli, na pembeni ya mwavuli pakawekwa kreti la soda.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo kazi ilipo. Zamani tuliambiwa fizi ni jambo la mswaki, na unene ni jambo la daktari wa chumba kingine. Mimi nimeishi kuona ukuta huo ukivunjwa. Mafuta yanayojaa tumboni hayalali tu kama magunia kwenye stoo. Yanatoa vitu vyake vinavyoingia kwenye damu na kuufanya mwili mzima ukae kama uliovimba kidogo, moto mdogo usioonekana, saa zote. Fizi nazo zikiwa na uchafu, utando ule unaogeuka jiwe shingoni mwa jino, zina moto wao. Moto ukikutana na moto, ufizi unaachia jino na mfupa ulio chini yake unaanza kuliwa. Askari wa mwili wamechoka kwa kupigana kila mahali, na kidonda kinachelewa kupona. Sukari ya damu nayo ikianza kupanda, mambo yanazidi. Halafu mgonjwa, kwa sababu meno yanauma, anakimbilia vya laini na vitamu, ananenepa tena. Anazunguka hapo hapo kama mtumbwi wenye kasia moja.

Lakini msiwe wepesi wa kuhukumu. Nimetibu wanene wenye fizi safi kuliko zangu, na wembamba kama fito wenye midomo iliyooza, wavuta sigara hasa. Unene peke yake si hukumu. Unaongeza hatari, na unachelewesha tiba. Mkiwaambia watu zaidi ya hapo mtakuwa mnawatukana, na aliyetukanwa harudi.

Hilo la kutukana nililijua kwa mizani. Niliomba mizani ya kupimia watu, nikaiweka chumbani kwangu kwa furaha. Mwenzangu wa chumba cha pili akachungulia. "Mama Meno, hapa ni meno au bucha?" Nikampuuza. Alipokuja Mama Zabibu nikamwelekeza apande.

"Nipande hapo? Mimi gunia?"

"Ni kipimo tu, mama."

"Dada, mimi nimezaliwa kwenye mizani. Najua inavyochezewa, najua jiwe linavyowekwa chini. Hiyo yako imeinama upande." Akaiinamia, akaigonga kwa kidole, akaipeleleza kama mtu anayenunua. "Hata sokoni ningeikataa."

Na si yeye tu. Wanawake wa Kibirizi wote waliikataa mizani ile. Kwao mizani ni ya bidhaa, na kila mizani ina mwenye nayo anayetaka kukupunja. Iliishia kubeba boksi la glavu.

Kilichotuokoa ni malalamiko yake mwenyewe. Alipokuwa anasimama kuondoka, anajifunga upya, alisema kwa hasira, "Hata vitenge siku hizi wanakata vifupi. Hiki kilikuwa kinanizunguka na kubaki. Sasa kinakutana tu."

Nikamwambia, "Simama hivyo hivyo." Nilikuwa na sindano na uzi mwekundu, vya kushonea vifungo vya koti langu la kazi. Pale ukingo wa kitenge ulipofikia, nikashona alama ndogo, nukta mbili tu, upande wa ndani. "Hii ndiyo mizani yako. Hakuna wa kuichezea. Kila ukija, utakifunga kitenge hiki hiki, nami nitashona pale kitakapofikia."

Akaitazama ile nukta. "Ikirudi nyuma?"

"Fizi zako zitakuwa zimepata msaidizi."

Tukapatana. Mimi ningekwangua jiwe lile hadi chini ya ufizi, kipande kwa kipande, kwa ganzi. Yeye angerudia mswaki laini asubuhi na kabla ya kulala hata damu ikitoka, kwa sababu damu ile inatoka kwa uchafu, si kwa mswaki. Soda na mandazi vingepisha samaki, maharage, matunda na ugali wa muhogo wa kiasi, mawese yapungue chunguni. Na angeinuka kwenye kile kiti akageuze dagaa wake mwenyewe. Nikampeleka akapimwe sukari, ikaonekana inanyemelea lakini haijaingia ndani. "Kiangazi kikiingia, kama meno bado yanacheza hivi," nilimwambia, "nitayang'oa kwa mkono huu."

Na tarehe za kurudi sikumpa. Hili lishikeni, ninyi mtakaofanya kazi pwani ya ziwa hili. Usiku ukiwa wa giza, boti zinaingia na dagaa, mama wa Kibirizi haji kwako hata umwite kwa tarumbeta. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazifai kitu, boti zinalala, na mama ana nafasi. Wagonjwa wangu wa Kibirizi niliwapanga kwa mwezi wa angani. Hawakukosa. Wenzangu waliwapanga kwa kalenda ya ukutani, wakawa wanalalamika kwamba wanawake wale hawajali afya.

Mbalamwezi ya kwanza nilikwangua upande wa kulia. Iliyofuata, kushoto. Uzi mwekundu ukarudi nyuma kidogo, ukarudi tena. Jino moja la chini halikuwa tena na mfupa wa kulishika, hilo nikalitoa, naye akaliaga kwa heshima. Mengine yakaanza kutulia.

Halafu akaingia siku moja bila kusalimia, akakaa kwa kishindo, ingawa kiti hakikulia tena.

"Nirudishie unene wangu."

"Kuna nini?"

"Wananipa pole! Kila ninayepishana naye, pole. Pole ya nini? Nimefiwa? Wananiona nageuza dagaa, wanasema nimefilisika. Wananiona kitenge kinazunguka, wanasema naumwa, amekwisha yule. Baba Zabibu analia, watu watasema hanilishi. Jana mtu kaniletea supu, dada! Supu ya mgonjwa! Nani atamwamini mwonjaji anayekufa?"

Sikuwa na dawa ya maneno ya watu, na sikujifanya ninayo. Nilijua pia kwamba akirudi kwenye kiti na kreti, kazi yangu yote ingefukiwa. Kwa hiyo sikubishana. Nilichukua kioo kikubwa nikampa mkononi, nikamwambia avute mdomo wa juu.

Alitazama. Fizi zilikuwa zimejikaza, rangi ya waridi iliyopoa, zimeyakumbatia meno. Nikapitisha chuma changu pole pole kwenye ukingo wote. Hapakutoka damu. Akaweka kidole kwenye jino la mbele, akalisukuma. Akalisukuma tena, kwa nguvu zaidi, kama anayesukuma mlango alioujua kuwa na bawaba mbovu.

"Limesimama," alisema.

"Limesimama."

"Na mwaka huu napandaje ule mlima wa sokoni bila kupumzika, hata sijui." Alisema hivyo akijiambia mwenyewe. Akaniachia kioo. "Haya. Supu yao nitawapa mbwa. Shona uzi."

Kiangazi kikaingia, jua la kuanikia, upepo mkavu. Nilishuka Kibirizi mwenyewe, maana nilikuwa nimeambiwa boti ya Papa Kasongo imeonekana. Alishuka, kofia kichwani, akaenda moja kwa moja kwenye marundo ya Mama Zabibu. Watu wakasogea. Wapagazi waliweka chini walichobeba. Mwanamke mmoja nyuma yangu alinong'ona, "Leo tutajua kama bado yupo."

"Mama," alisema Papa Kasongo, "leo hakuna kuficha kitu mu kiganja. Fungua mikono, mi nione. Fungua na kinywa."

Mama Zabibu akanyoosha mikono yote miwili, bangili zikateremka, viganja vitupu. Akafungua mdomo wote, mbele ya soko zima, akageuza kichwa huku na huku watu waone, kama anayeonyesha duka jipya. Papa Kasongo akachagua mwenyewe dagaa, kutoka chini kabisa ya rundo, akamwekea kwenye meno ya mbele.

Akauma.

Mlio ule mdogo ulitoka, nami niliusikia toka nilipokuwa nimesimama. Alitafuna taratibu, akatema, akaitikia kwa kichwa.

"Huyu mkavu. Wa lile rundo la kando wape jua la leo na la kesho. Wana maji mgongoni."

Papa Kasongo akamtazama, akaenda kwenye lile rundo la kando, akavunja mmoja, akambana kwa vidole, akanusa. Alivua kofia.

"Mama amerudi," aliwaambia watu wake. "Fungeni yale mengine."

Kelele iliyoinuka pale sijawahi kuisikia tena. Hakuna aliyempa pole tangu siku hiyo. Mbalamwezi iliyofuata nilipofika kazini nilikuta kwenye benchi langu la nje wanawake wa Kibirizi wamejipanga, kila mmoja na kitenge chake anachokiamini, na yule aliyenong'ona nyuma yangu alikuwa wa kwanza. Nilinunua uzi mwekundu mwingine. Sijui ni vitenge vingapi vya mwambao huu vina nukta zangu upande wa ndani, kuanzia hapa mpaka Ilagala, lakini nikipishana na mama aliyejifunga vizuri, anayecheka bila kuziba mdomo, najikuta natazama ukingo wa nguo yake.

Siku ile sokoni, watu walipoanza kushona magunia, Mama Zabibu aliniona nimejificha nyuma ya vichanja. Akaokota dagaa mmoja, akaja amemshika kama pete.

"Wewe unayepima wenzako," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka majini, "miaka yote hii hatujakusikia wewe. Haya, Mama Meno. Uma."

Soko zima likageuka kunitazama. Nilikuwa mtu mzima tayari, mvi nje, siku za kustaafu zikinichungulia. Nikamtia dagaa kwenye meno ya mbele, meno yangu mwenyewe, yaliyoniota tangu utotoni, nikauma.

Akalia.